Barua ya Utambulisho Mtandaoni: Kuunganisha Programu ya Wavuti na Huduma ya Nje ya Kuingia

Utangulizi

Mwanafunzi wa chuo kikuu katika maeneo ya Meru na Embu anatakiwa kukumbuka nywila nyingi kuliko majina ya wahadhiri wake. Ana nywila ya tovuti ya chuo, ya baruapepe, ya maombi ya mkopo wa HELB, ya eCitizen na nyinginezo. Kwa kuwa kumbukumbu ya binadamu ina mipaka, wengi huamua kutumia nywila moja kila mahali. Uamuzi huo unaeleweka, lakini una hatari. Nywila hiyo ikivuja katika tovuti moja yenye ulinzi dhaifu, milango yote mingine huwa imefunguka.

Ili kupunguza tatizo hili, wataalamu wa tarakilishi walibuni utaratibu ambao programu ya wavuti haimwombi mtumiaji nywila hata kidogo. Badala yake, humpeleka kwa huduma nyingine ambayo tayari inamjua, kama vile Google, Microsoft au mfumo wa chuo chake. Huduma hiyo ikishamtambua, humrudisha ikiwa imemdhamini. Katika makala haya, huduma hiyo ya nje tutaiita mdhamini, nayo programu inayoutegemea udhamini huo tutaiita programu tegemezi.

Makala haya yanalenga mambo matatu. Kwanza, kubainisha tofauti ya dhana mbili ambazo huchanganywa mara kwa mara, yaani uthibitishaji na uidhinishaji. Pili, kueleza hatua za kuiunganisha programu na mdhamini. Tatu, kujadili athari za utaratibu huu kwa jamii ya wasomi wa Kiswahili, hasa suala la nani anabaki na haki ya kazi aliyoiandika. Mada hii si ya wahandisi pekee. Vyama vyetu vinaendelea kuhifadhi maandishi katika wavuti, na aliye na ufunguo wa kuingia ndiye anayeweza kuonyesha kuwa kazi ni yake.

Mfano wa Kutuongoza

Ili maelezo yasielee hewani, tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme chama cha wanafunzi wa Kiswahili kina wanachama katika Chuo Kikuu cha Embu, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kilichoko Nchiru, Chuo Kikuu cha Chuka na Chuo Kikuu cha Methodisti cha Kenya. Chama kinataka kuunda programu ya wavuti ya kukusanya msamiati wa Kiimenti, Kitigania, Kiembu na Kimbeere pamoja na visawe vyake vya Kiswahili. Kila mwanafunzi atawahoji wazee wa kwao, ataingiza maneno aliyoyapata, na jina lake litaandikwa kando ya kila kidahizo.

Programu hii inahitaji kumjua anayeingia kwa sababu mbili. Mosi, ni lazima mchango uhusishwe na mwenyewe. Majina kama Mugambi, Kinyua, Kawira na Gatwiri yanatumiwa na watu wengi sana katika maeneo haya, hivi kwamba jina pekee halimtofautishi mtu na mwenzake. Pili, mtu asiruhusiwe kuufuta au kuubadilisha mchango wa mwingine. Chama kingeweza kuunda mfumo wake wa nywila, lakini kingelazimika kuzihifadhi kwa njia salama, kuwasaidia wanaozisahau, na kubeba lawama zikiibwa. Kwa chama kinachobadilisha viongozi mara kwa mara, huo ni mzigo mzito.

Uthibitishaji na Uidhinishaji

Kila Mkenya anaijua barua ya chifu. Mtu anayetafuta basari au kitambulisho hutakiwa kuifikisha afisini. Barua hiyo ina muhuri wa aliyeitoa, jina la anayetambulishwa, afisi inayoandikiwa, tarehe, na mara nyingi nambari ya kumbukumbu. Haisemi mengi kuhusu mtu huyo. Inasema tu kwamba chifu anamjua na kwamba ndiye anayedai kuwa. Huo ndio uthibitishaji: kujibu swali, “Wewe ni nani?”

Uidhinishaji ni jambo jingine. Mkulima anapompa jirani ufunguo wa ghala lake ili achukue magunia mawili ya mahindi, ufunguo huo hautaji jina la aliyeubeba. Unamwezesha kufanya kitendo fulani tu. Uidhinishaji hujibu swali, “Unaruhusiwa kufanya nini?”

Tofauti hii ina historia katika teknolojia yenyewe. Utaratibu uitwao OAuth ulianza kutumika mwaka wa 2007, na toleo lake la pili likachapishwa kama kiwango rasmi Oktoba 2012. Lengo lake lilikuwa uidhinishaji: kuiwezesha programu moja kufikia sehemu ya data ya mtumiaji iliyoko katika huduma nyingine bila kupewa nywila yake. Waundaji wengi wa programu waliutumia kama uthibitishaji, wakidhani kwamba anayeleta ufunguo wa ghala ndiye mwenye ghala. Kosa hilo lilifungua mwanya. Programu moja yenye hila ingeweza kuupokea ufunguo wa mtumiaji, kisha ikaupeleka kwa programu nyingine na kujifanya ndiyo mtumiaji huyo. Februari 2014, tabaka jingine lilizinduliwa juu ya OAuth, nalo ni OpenID Connect. Tabaka hili ndilo lililoongeza barua ya utambulisho kando ya ufunguo.

Kwa hivyo, mdhamini wa leo anaweza kutoa vitu viwili. Cha kwanza ni tokeni ya ufikiaji, ambayo ni ufunguo wa ghala. Cha pili ni tokeni ya utambulisho, ambayo ni barua ya chifu. Programu inayotaka tu kumjua anayeingia inapaswa kuisoma barua, wala si kuukagua ufunguo.

Hatua za Kuunganisha

Hatua ya kwanza ni usajili. Waundaji wa programu huiandikisha kwa mdhamini kabla ya mtumiaji yeyote kuingia. Mdhamini huwapa kitambulishi cha programu, ambacho si siri, pamoja na siri ya programu, ambayo huhifadhiwa katika seva pekee. Nao humpa mdhamini anwani ya kurejea, yaani mahali hasa ambapo watumiaji watarudishwa. Anwani hii hulinganishwa herufi kwa herufi. Ikilegezwa, mwenye nia mbaya anaweza kuwaelekeza watumiaji kwake wakiwa na majibu mikononi. Siri ya programu nayo isiwekwe katika msimbo unaopelekwa kwenye kivinjari, wala katika hazina ya msimbo iliyo wazi kwa umma, kwa kuwa siri iliyotangazwa si siri tena.

Hatua ya pili huanza mtumiaji anapobofya kitufe cha kuingia. Programu humpeleka kwa mdhamini ikiwa imetaja kitambulishi chake, anwani ya kurejea, na upeo wa taarifa inazoomba. Vilevile hubuni nambari ya nasibu isiyokisika, ikaihifadhi na kuituma pamoja na ombi. Nambari hii ni sawa na nambari ya kumbukumbu ya barua rasmi. Jibu likirudi bila nambari ileile, programu hulikataa, kwani ni jibu la ombi ambalo haikulituma.

Hatua ya tatu hufanyika kwa mdhamini. Hapo ndipo mtumiaji huandika nywila yake, na programu ya chama haiioni kamwe. Mdhamini anaweza pia kudai uthibitisho wa pili, kwa mfano tarakimu zinazotumwa kwenye simu. Kisha humwonyesha mtumiaji taarifa zinazoombwa na kumwuliza kama anakubali.

Hatua ya nne ni kurejea. Mdhamini humrudisha mtumiaji kwenye anwani iliyosajiliwa akiwa na msimbo mfupi wa idhini. Msimbo huu si barua yenyewe, bali ni mfano wa stakabadhi ya kuchukulia barua. Hutumika mara moja tu, na kiwango cha OAuth kinapendekeza usiishi zaidi ya dakika 10. Sababu ya kutotuma barua moja kwa moja ni kwamba njia hii hupitia kivinjari, na yanayopita hapo yanaweza kubaki katika kumbukumbu ya kivinjari au kuonekana na wengine.

Hatua ya tano hufanyika nyuma ya pazia. Seva ya programu huzungumza na seva ya mdhamini moja kwa moja kupitia muunganisho uliofichwa kwa usimbaji. Huwasilisha msimbo pamoja na siri ya programu, nayo hupewa tokeni. Tangu mwaka wa 2015 kuna kinga ya ziada iitwayo PKCE. Katika kinga hii, programu hubuni neno la siri kwa kila ombi, ikatuma mwanzoni alama iliyokokotolewa kihisabati kutokana na neno hilo, kisha katika hatua hii ikalifichua neno lenyewe. Mwizi aliyeunyakua msimbo njiani hawezi kuutumia, kwa kuwa hana neno hilo na hawezi kulipata kutokana na alama.

Hatua ya sita, ambayo waundaji wenye haraka huiruka, ni kuikagua barua. Karani makini hukagua mambo manne, na programu inapaswa kufanya vivyo hivyo. Je, muhuri ni halali? Saini ya kidijitali huhakikiwa kwa ufunguo wa umma ambao mdhamini ameuchapisha. Je, aliyeitoa ndiye mdhamini tunayemtarajia? Je, imeandikwa kwetu, au ilikuwa ya programu nyingine? Je, muda wake haujakwisha? Barua iliyoandikiwa afisi nyingine haifai kwetu hata kama muhuri wake ni wa kweli. Ukaguzi huo ndio unaoziba ule mwanya tulioutaja wa ufunguo uliohamishwa.

Hatua ya saba ni programu kuanzisha kikao chake yenyewe na kumkaribisha mtumiaji. Kuanzia hapo, mdhamini amemaliza kazi yake. Ni juu ya programu kuamua mtumiaji huyo anaruhusiwa kufanya nini: kuongeza kidahizo, kuhariri, au kusoma tu.

Ni Kipi Kimtambulishe Mtu?

Hapa tunafikia suala linalowagusa wanachama wetu zaidi. Katika barua ya mdhamini mna taarifa kadhaa: jina, anwani ya baruapepe, na kitambulishi cha kudumu ambacho aghalabu ni mfululizo wa herufi au tarakimu usio na maana kwa msomaji. Waundaji wengi huvutiwa na baruapepe, wakaifanya kuwa ufunguo wa akaunti. Uamuzi huo ni wa hatari.

Turejelee mfano wetu. Mwanafunzi wa Embu ameingiza vidahizo 400 vya Kimbeere kwa kutumia baruapepe ya chuo. Anahitimu, na baada ya muda chuo kinaifunga anwani ile. Hawezi tena kuingia, hawezi kusahihisha makosa yake, wala hawezi kuthibitisha kuwa kazi ni yake atakapoomba nafasi ya uzamili. Baya zaidi ni chuo kumpa anwani ileile mwanafunzi mwingine mwenye jina linalofanana. Huyo wa pili akiingia, programu itamkabidhi vidahizo vyote 400. Programu haitakuwa na njia ya kugundua kosa, kwa sababu barua ni halali na muhuri ni wa kweli.

Tiba yake ina sehemu mbili. Kwanza, akaunti ifungwe kwenye kitambulishi cha kudumu kikiambatanishwa na jina la mdhamini, wala si kwenye baruapepe. Google wenyewe huwashauri waundaji wafanye hivyo. Pili, mtumiaji aruhusiwe kuunganisha wadhamini wawili au zaidi na akaunti moja, kwa mfano akaunti ya chuo na akaunti yake binafsi, akiwa tayari ameingia. Uunganishaji huo usifanywe kimyakimya eti kwa sababu anwani zimefanana, kwani si kila mdhamini huithibitisha baruapepe anayoitaja. Chama kikiyazingatia haya tangu mwanzo, mhitimu hatapoteza jasho lake siku ya kuvua joho.

Mazingira ya Matumizi

Utaratibu mzuri katika vitabu unaweza kuharibika mahali pa matumizi. Katika miji ya Meru, Chuka na Embu, watu wengi bado hupata huduma za mtandaoni katika saibakafe, ambazo wenyeji huziita saiba. Ni jambo la kawaida mhudumu wa saiba kumfungulia mteja akaunti ya baruapepe na kumwandikia nywila kwenye karatasi. Akaunti hiyo ikigeuka kuwa mdhamini wa programu nyingine zote, anayeijua nywila hiyo moja ana ufunguo wa kila mlango. Hivyo, mtu abadilishe nywila ya namna hiyo kabla ya kuanza kuitegemea.

Hali kadhalika, kutoka katika programu tegemezi si sawa na kutoka kwa mdhamini. Mwanafunzi anayebofya kitufe cha kutoka katika programu ya chama, akalipa na kuondoka, huenda akaiacha akaunti yake ya Google ikiwa wazi. Anayeketi baada yake akibofya kitufe cha kuingia, ataingizwa bila kuulizwa chochote. Programu inayotumiwa katika tarakilishi za umma inapaswa kumkumbusha mtumiaji jambo hili kwa Kiswahili kilicho wazi, wala isitosheke na neno “umetoka”.

Nguvu za Mdhamini

Wahenga walisema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali hii inausadifu utegemezi wa mdhamini mmoja. Mozilla ilikuwa na huduma ya kuingilia iitwayo Persona, ikaifunga Novemba 2016. Google nayo iliufunga mtandao wa Google+ kwa watumiaji wa kawaida Aprili 2019, na programu zilizotegemea njia yake ya kuingia zikalazimika kuhamia kwingine. Septemba 2018, Facebook ilitangaza kuwa wavamizi walikuwa wameiba tokeni za ufikiaji. Baadaye ilisema kuwa walioathirika walikuwa takriban watu milioni 30. Wavamizi hao hawakuhitaji nywila ya mtu yeyote.

Nchini Kenya, mfumo wa eCitizen umekuwa lango la maelfu ya huduma za serikali, hasa baada ya upanuzi uliozinduliwa Juni 2023. Mwezi uliofuata, shambulio la mtandaoni liliuvuruga mfumo huo, na wananchi waliohitaji huduma mbalimbali wakakwama kwa pamoja. Lango moja hurahisisha safari, ila likifungwa, wote hubaki nje.

Zaidi ya hitilafu, kuna suala la mamlaka. Wakazi wa maeneo haya wanajua maana ya kutotambuliwa mpaka mwingine akudhamini. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba kipande. Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa kuwa na vitabu vya pasi ili waweze kusafiri na kufanya kazi. Hatudai kwamba kitufe cha Google ni sawa na kipande. Mtumiaji wa leo huchagua, na aliyebeba kipande hakuchagua. Hata hivyo, historia hiyo inatufunza kuuliza maswali: nani anatunza kumbukumbu ya kila mahali tulikopita, na tunaweza kukataa bila kufungiwa nje? Ikumbukwe kwamba mdhamini hujua kila programu mtu anayoiingia na wakati anaoiingia.

Sheria ya nchi imeyatambua maswali hayo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinalinda haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inataka ridhaa iwe ya wazi, ya hiari, mahususi, na itolewe na mtu aliyeelewa. Oktoba 2021, Mahakama Kuu iliamua kuwa utoaji wa kadi za Huduma ulikiuka sheria kwa kukosa kutanguliwa na tathmini ya athari kwa ulinzi wa data. Programu ya chama cha wanafunzi nayo haiko nje ya misingi hii. Ikihitaji kitambulishi na jina tu, isiombe orodha ya marafiki wala ruhusa ya kusoma baruapepe.

Nafasi ya Msomi wa Kiswahili

Ridhaa ya mtu aliyeelewa haiwezi kupatikana kwa lugha asiyoielewa. Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wana kazi ambayo mhandisi hawezi kuifanya peke yake. Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba, lakini skrini za ridhaa mara nyingi hutafsiriwa kwa pupa. Neno “ruhusu” hutumiwa kwa maana ya kuthibitisha, kuidhinisha na hata kuendelea. Msomaji hajui kama anajitambulisha au anatoa ufunguo wa ghala.

Tunapendekeza kwamba uthibitishaji utumike pale mtu anapothibitishwa kuwa ndiye, na uidhinishaji pale anapotoa ruhusa ya kitendo. Aidha, skrini ya ridhaa itumie sentensi kamili: “Programu hii itasoma jina lako na anwani yako ya baruapepe. Haitaweza kusoma barua zako.” Sentensi mbili kama hizo humfaa mtumiaji kuliko kurasa kumi za masharti.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba kuiunganisha programu ya wavuti na huduma ya nje ya kuingia ni sawa na kukubali barua ya utambulisho kutoka kwa mdhamini. Utaratibu huu huwaondolea watumiaji mzigo wa nywila nyingi na huwaondolea waundaji hatari ya kuzitunza. Hata hivyo, manufaa hayo hupatikana tu iwapo barua itakaguliwa ipasavyo, akaunti zitafungwa kwenye kitambulishi cha kudumu, na njia ya pili ya kuingia itawekwa kwa siku ambayo mdhamini atashindwa au atabadili nia.

Kwa vyama vyetu vya Kiswahili, jambo la kuanza nalo ni dogo. Kabla ya kuweka kitufe cha kuingia, viongozi waandike ukurasa mmoja unaojibu maswali manne: mdhamini ni nani, tunachukua taarifa gani, mhitimu ataifikiaje kazi yake, na mdhamini akiondoka tutafanya nini? Ukurasa huo upitishwe katika mkutano wa wanachama, kisha urithishwe kwa kila uongozi mpya pamoja na funguo za programu.